Viazi vya Maji ya Moto

Wakati wa likizo asubuhi zangu zilifanana. Nilifagia ua, nikawasha mkaa, nikachemsha chai, kisha nikamsubiri rafiki yangu Claudette tuteremke ziwani. Sisi ni watu wa Gisenyi, na kutoka kwetu hadi Ziwa Kivu ni mwendo mfupi. Claudette alikuwa amenifundisha kuogelea mpaka kichwa kikanivimba. Siku tuliyopanga kushindana kuogelea hadi kwenye boya ndiyo siku niliyokabidhiwa Bibi Kankindi.

Bibi Kankindi ni shangazi yake baba. Aliondoka Gisenyi akiwa na miaka kumi na mmoja, akakulia na kuzeekea Tanzania, na sasa alikuwa amekuja kututembelea kwa siku nne. Alikuwa ameshaona mitende ya kando ya ziwa, ameshapiga picha na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ameshaonyeshwa hata mpaka wa Goma. Lakini kila jioni alirudia jambo lile lile. Alitaka kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba apike viazi humo, kama alivyofanya utotoni na kaka yake Mugabo. Huyo Mugabo ndiye aliyekuwa babu yangu, lakini alifariki kabla sijazaliwa.

"Belise," baba aliniambia jioni ya siku ya tatu, "kesho utapeleka Bibi kwa maji ya moto. Mi niko na kazi kule soko ya mupaka, na kesho kutwa yeye anarudi. Umuangalie muzuri, unasikia?"

"Ndiyo, papa," nilijibu, lakini nilikuwa nimenuna.

Nilijua viazi huchukua muda mrefu kuiva kule, maana maji ya chemchemi ni ya moto lakini hayatokoti. Nikaona nimepata akili. Alfajiri nilivichemsha viazi jikoni kwetu, nikavipoza, nikavifuta, nikavitia kwenye wavu wa vitunguu na kuufunika kwa kitambaa. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Tulipanda pikipiki mbili. Kofia ngumu ya Bibi ilimshuka hadi kwenye nyusi, naye alicheka njia nzima huku akinionyesha kila kitu kwa kidole. "Pale palikuwa na migomba mitupu!" alipaza sauti. "Na pale Mugabo alianguka mtini, akaniapisha nisimwambie mama!"

Kwenye chemchemi tulimkuta mzee mmoja aitwaye Habimana, aliyekuja kuloweka magoti yake yanayouma. Bibi alivua viatu, akataka kuushika wavu, lakini niliwahi kuufunga kamba na kuuzamisha mwenyewe. Baada ya muda mfupi nikauvuta.

"Tayari, Bibi."

"Eh! Viazi gani hii inaivaka mbio hivi?" akauliza Mzee Habimana. "Mi nakuyaka hapa kila wiki. Kiazi inaomba saa nzima, na zaidi!"

"Ni vidogo, mzee," nikasema, nikatazama pembeni.

Bibi alimenya kiazi taratibu, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akamenya cha pili, akatafuna tena, kisha akaweka kilichobaki juu ya jiwe.

"Havina ile ladha," alisema. "Vilikuwa na chumvi kidogo. Mugabo alikuwa akisema maji haya yanatutilia chumvi bure."

Nilianza kukunja kamba ya wavu.

"Basi ni mimi," akaendelea kwa sauti ya chini. "Uzee umenivuruga. Kama hata hiki nimekikumbuka vibaya, labda na mengine nimejitungia tu. Labda hata sauti ya Mugabo siyo ile ninayoisikia." Alipangusa mikono, akavaa viatu. "Twende, mwanangu. Najua wenzako wanakusubiri ziwani."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado ilikuwa mapema. Lakini tulipofika barabarani na pikipiki kusimama, Bibi alivaa kofia bila kucheka. Hakunionyesha chochote tena. Niliona aibu.

"Bibi," nikasema, "viazi nilivichemsha nyumbani."

"Unasemaje?"

"Nilivipika nyumbani alfajiri, ili tuwahi kurudi. Nilitaka kwenda kuogelea. Nisamehe, Bibi."

Nilingoja kofi. Bibi alivua ile kofia, akanishika bega kwa nguvu, machozi yakimtoka huku akicheka.

"Kumbe si mimi!" alisema. "Kumbe sijasahau!"

Alimrudishia dereva kofia yake. Kando ya barabara mama mmoja kutoka vijiji vya Bugeshi alikuwa akiuza viazi vibichi. Tukanunua vya kutosha, tukarudi. Safari hii wavu aliuzamisha Bibi mwenyewe. Tulikaa zaidi ya saa moja na nusu, miguu yetu ikiwa mahali ambapo maji hayaunguzi, naye akanisimulia jinsi babu yangu alivyoimba kwa pua, na jinsi alivyotamani kiazi kikubwa lakini kila mara akampa dada yake. Siku ile ndipo nilipomfahamu babu yangu.

Viazi vilipoiva, Bibi alionja, akafumba macho.

"Ndicho hiki," alisema, akanipa nusu. Kweli kilikuwa na chumvi kidogo, na harufu ya mawe.

Mzee Habimana alipiga makofi. Bibi akanigeukia, na sasa hakuwa akicheka.

"Belise, ulitaka kupata saa moja tu ya kuogelea. Kwa saa hiyo mimi ningerudi Tanzania nikiamini kwamba sijui hata nilikotoka. Anayedanganya huona uongo wake ni mdogo, kwa sababu si yeye atakayeubeba. Umenitia uchungu. Lakini umesema kweli kabla sijaondoka, nami nakushukuru. Siku nyingine usingoje mpaka uone mtu ameumia."

"Sitarudia, Bibi."

Kesho yake tulimsindikiza kituo cha mabasi. Ndani ya mkoba wake alikuwa amefunga viazi viwili vya chemchemi, awapelekee wajukuu wake waonje. Nilimuuliza kama havitaharibika njiani, maana safari ni ndefu.

"Vikiharibika," alisema akipanda basi, "nitawasimulia."