Hatua Moja Isiyo na Mwenyewe

Jumanne, saa sita ya mchana, Bertille alisikia mutu anafagia kati ya kuta mbili. Shwaa, shwaa, kimya kidogo kama mutu anainama kuokota jani, kisha shwaa tena. Utasema hapo hakuna ajabu, hapa Kalemie wanawake wanafagia tangu Mungu aumbe vumbi. Ngoja kwanza. Kati ya zile kuta mbili hakuna mulango. Hakuna dirisha. Hata panya angeomba ngazi.

Nikueleze zile kuta, maana pale njo upumbavu wote ulianzia.

Papa Isidore, bwana ya Bertille, anauza mabati sokoni, na mudomo wake unapiga kelele kuliko mabati yenyewe. Jirani yake, Mama Rachelle, ni mujane anayeuza mikebuka, samaki wa kukausha. Naye mudomo hakuazima kwa mutu. Parsele zao, yaani viwanja vya nyumba zao, zilikuwa zimegawanywa na mustari wa minyaa, ile miti yenye maziwa yanayochoma macho. Mupaka ulipita mbele ya minyaa, nyuma yake ao katikati? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Halafu Isidore akataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Asubuhi moja, Mama Rachelle akiwa kwenye misa, akakata minyaa yote.

Miezi munane walitukanana kwa ajili ya hatua moja ya udongo. "Ni pangu." "Pako wapi, mwizi wa miti? Ni pangu." Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, akachoka nao. Akapima kwa kamba, akaandika karatasi: kila mumoja ajenge ukuta upande wake, na ile hatua ya katikati isiguswe. Chini akamalizia kwa herufi kubwa: HAPA HAPANA MWENYEWE. Wote wawili wakatia dole.

Wakajenga kuta ndefu, vipande vya chupa juu. Kisha Isidore akafikiri: huyu mama atapita mule kuchungulia uwanja wangu. Akaziba upande wa barabara. Mama Rachelle naye akafikiri: huyu mwizi atapita mule kuchukua samaki wangu. Akaziba upande wa korongo. Watu wazima wawili, na akili zao zote, wakajenga nyumba isiyo na mulango, wakatangaza kwa maandishi kwamba haina mwenyewe. Sasa unafikiri nani alisoma lile tangazo?

Jumatano, saa sita, ilikuja harufu ya mikebuka inakaangwa kwa mawese. Isidore akagonga ukuta.

"Mama Rachelle, unapika mule ndani?"

"Niko na mafua, Papa. Sisikii hata harufu ya miguu yako. Muulize muke wako."

"Umeingiza mupangaji."

"Mambo ya kupangisha si wewe njo unayajua?"

Bertille hakucheka. Yeye alikuwa amesikia lingine. Asubuhi ile, akiosha sufuria, sauti ya Mama Rachelle ilimuita kutoka nyuma ya ukuta, karibu kabisa na tofali, polepole: "Mama Bertille, niletee chumvi." Akajibu bila kufikiri, "Nakuja." Kisha akatazama barabarani, akamuona Mama Rachelle anapanda kilima kutoka sokoni, beseni kichwani, yuko mbali bado.

Usiku alimunong'oneza bwana yake.

"Papa, kuko mutu mule. Analijua jina langu."

"Njo Rachelle anakutisha, ili niuze."

"Tubomoe ukuta."

"Nibomoe wangu, yeye abaki na wake? Watu watanicheka mpaka Moba."

"Anayeitwa ni mimi, Isidore, si wewe. Na mimi nimeshaitika mara moja. Siku moja nitakwenda."

Isidore akageukia upande mwingine. Shujaa.

Ijumaa, jua likiwa utosini, Bertille alitoka kuanika nguo. Isidore alipotoka kumutafuta aliona beseni, nguo zingine bado zimekunjwa, na makapa ya miguu ya muke wake chini ya ukuta, yamepangwa vizuri pembeni, namna mutu anavyovua kabla ya kuingia kwa watu. Akamusikia. Yuko ndani, anaongea na mutu ambaye majibu yake hayasikiki, anacheka kidogo, anauliza kisu kiko wapi.

Akachukua nyundo akapiga tofali, likaanguka, na nyuma yake kulikuwa tofali lingine, na nyuma ya hilo lingine, yale yale aliyonunua yeye mwenyewe, akapiga mpaka mikono ikatoka damu na shimo likawa refu kuliko unene wa kuta mbili na parsele ya Mama Rachelle kwa pamoja, na bado tofali, kavu, la moto kidogo kama ubavu wa mutu mwenye homa; akatupa nyundo, akaleta ngazi, akapanda, akatazama chini mahali ambapo palipaswa kuwa hatua moja ya udongo, akaona uwanja mupana, umefagiwa safi, na nyumba nyeupe yenye mulango wazi, na muke wake amechutama mbele ya jiko, anakatakata vitunguu.

Siku nzima na usiku kucha alimuita. Hakugeuza kichwa.

Jumamosi wakamuleta Papa Mbuyu, aliyejifunza kazi ya kufukuza majini ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Ubani aliuacha mufukoni. Shefu na Mama Rachelle wakiwa pale, aliomba ile karatasi, akaisoma mara mbili.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Mulimuachia. Dawa njo hii. Mumoja wenu apande ngazi, aseme mbele ya shefu: hapa ni pangu. Kisha ashuke ndani, akae mpaka jua lipite. Akiingia kama mwenyewe, yule atamupisha, na mama atatoka."

"Na asipopisha?" Isidore akauliza.

"Wewe si njo ulisema ni pako?"

Miezi munane ya kelele, na sasa Isidore anaangalia miguu yake.

"Papa Isidore," Mama Rachelle akaanza, sauti laini kama siagi, "nimefikiri sana. Haki ilikuwa yako."

"Hapana, Mama. Minyaa ilipandwa na marehemu bwana yako. Ni pako."

"Nimekuachia yote, kwa roho safi."

"Mimi siwezi kula mali ya mujane."

Ungelia, kuona majirani wanapendana vile.

"Jua linafika," Papa Mbuyu akasema.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Bertille, ya kweli, ya mutu aliyeamka. "Isidore. Niko chini ya ngazi. Sema tu, nipande."

Isidore akapanda. Muke wake alikuwa pale chini, mikono juu, macho yamejaa machozi. Nyuma yake kulisimama mutu murefu aliyeshika ncha ya kikwembe alichojifunga Bertille, kwa upole, namna mama anavyoshika mutoto karibu na barabara, na huyo mutu alikuwa amegeuza mugongo, lakini vidole vyake vya miguu vilielekea ngazi.

"Ni pako, Isidore?" Bertille akauliza.

Ule mudomo, ambao haujawahi kukosa neno, ukafunguka.

"Ni pa Mama Rachelle," akasema, akashuka.

Papa Mbuyu akabeba mufuko wake. Alipofika barabarani akamuambia shefu, "Andika kwamba hapa mumemupa yeye," akaenda bila kuaga.

Saa kumi hodi ikapigwa. Isidore akafungua mulango wa barabarani. Alikuwa Bertille, amesukwa nywele upya, kikwembe kipya, safi kama mutu wa harusi. Isidore akapanua mikono yake yenye vidonda, analia.

"Muke wangu. Ingia."

Yeye akarudi hatua nyuma, kwa adabu ya mugeni. Chini ya miguu yake vivuli vilikuwa viwili.

"Asante, Papa. Hatutakawia. Sisi ni majirani wenu wapya." Akatazama juu ya bega la Isidore, akaipima nyumba kwa macho, taratibu, kutoka pembe mpaka pembe. "Bwana yangu amesema tuanze kwa heshima, tusitukanane. Ni habari ya mupaka. Chumba chenu cha kulala kiko kwetu."