Doa la Rangi ya Kucha

Efrazia alikufa alfajiri akijifungua katika zahanati ya Makebuko, na mtoto akamfuata. Taa ya sola ilizimika damu ilipoanza kumtoka. Muuguzi Lucia aliwasha taa zote mpya, moja baada ya nyingine. Hakuna taa iliyodumu.

"Nilizianika juani jana kutwa," alimwambia mpelelezi Salama. "Betri hazishiki chaji."

Kufika saa nne aliyeuza taa hizo, Sudi wa Magarama, alikuwa kasho, mahabusu ya polisi, mjini Gitega. Bosi wa Salama alitaka mkosaji kabla ya maziko, na Sudi ndiye aliyekuwa karibu.

Salama aliigeuza taa. Chini yake palikuwa na doa jekundu.

"Ni rangi yangu ya kucha," alisema Hidaya, mke wa Sudi. "Alitia kwa zote kulekule Kahama, Tanzania, alikozinunua, mbele ya kupakia. Aliogopa Kobero watamubadilishia. Afande, bwana yangu hana kosa."

Salama akaenda Muyinga, hadi mpakani Kobero. Alimshuku Hamadi, kiongozi wa wapagazi, mtu mwenye mkono mrefu.

"Mi niibe nzima, niweke mbovu, alafu nipake moja-moja rangi ya bibi ya mutu?" Hamadi alicheka. "Zile taa zililala mu ghala misimu mbili ya mvua, chef. Uliza Adriano."

Kweli, doa lilikuwepo; taa hazikubadilishwa. Labda Sudi alinunua mbovu. Wazo hilo lilimuumiza Salama njia nzima hadi ghala la ukaguzi.

Mkuu wa ghala, Adriano, alimpa kiti. Dirishani kwake taa ndogo ilikuwa ikichajiwa juani. Salama aliigeuza: doa jekundu. Akaiwasha, ikamtia kiwi.

"Hii ni ya mzigo wa Sudi."

"Sampuli, mama."

"Inawaka kwa sababu uliichaji. Nyingine ulizifungia gizani mpaka betri zikafa. Nawe ulijua."

Adriano aliufunga mlango. "Nilijua. Taa za sola hazilipiwi ushuru, ila lazima ziwe na cheti cha ubora. Mashine ya kupimia imeharibika, na vipimo vya Tanzania hatuvikubali. Kuna wakati nilipitisha vichujio vya maji bila cheti, nikasimamishwa kazi. Wanangu walilala njaa. Sikurudia."

"Mwishowe ulizitoa."

"Cheti kilikuja, bila kupimwa kitu. Ningesema zimekufa, wangeuliza nani aliziua."

Salama alimpigia bosi.

"Alifuata sheria?" bosi aliuliza.

"Aliifuata."

"Basi hana kosa. Mzigo una cheti cha ubora. Aliyeuharibu ni muuzaji."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Gitega waliishia nusu ya kwanza.

Hidaya alikuwa akisubiri mlangoni pa kasho. Salama alimweleza yote, na aliona aibu.

"Ile taa inayowaka iko wapi?" Hidaya aliuliza.

"Mezani kwa bosi. Nilimletea kama ushahidi. Umeme umekatika, anaitumia."

Hidaya hakulia. Alimpa Salama bakuli la maharage, bado la moto, ampelekee Sudi.