Hina Iliyokataa Mkono wa Kushoto

"Sasa mkono wa kushoto," ilisema sauti ya docteur Odette kwenye simu.

Talal aliibana simu kati ya bega na sikio, akamtazama Houda. Houda aliuingiza mkono ndani ya mtandio.

"Leta mukono, Houda."

"Si umeshapima wa kulia? Iko muzuri."

"Docteur anataka yote mbili."

Ilikuwa mwaka 2003, vita bado vikiendelea, na kutoka mtaa wa Buyenzi kupanda hadi kliniki ya Gihosha kulikuwa ni kubahatisha. Leo barabara imefunguliwa, kesho mabomu yanashuka kutoka milimani. Houda, binti wa Shakuru fundi magari, alikuwa na ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu, ile mikubwa. Mshipa ukivimba njia inaziba, mkono unakosa damu, hata jicho linaweza kuzimika. Kliniki ilikuwa inajaribu dawa mpya kwa wagonjwa kama yeye. Ili kujua kama dawa inafanya kazi, walipima mapigo na presha ya mikono yote miwili, kisha wakamuuliza mgonjwa mwenyewe anajisikiaje.

Safari zilipokuwa ngumu, docteur alimfundisha Talal kupima nyumbani, kwa kuwa aliwahi kusoma uuguzi kabla vita havijafunga shule yao. Tatizo ni kwamba Talal huyohuyo ndiye mchumba wake Houda. Na mtu anayependa hapimi, jamani. Anaomba dua tu.

Zubeda, mama yake Houda, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, kama adabu inavyotaka. Talal aliweka simu chini, akafunga kitambaa cha kupimia presha juu ya mkono wa gauni, akajaza upepo, akasikiliza kwa kipimo cha masikioni. Kimya. Akajaza tena. Kimya. Akatafuta mapigo kwa vidole, hakupata kitu.

Houda alinong'ona, "Talal, mama yako alisema nini?"

Talal alijua mama yake alisema nini. Bi Siti wa Kibenga, mjane wa mfanyabiashara, alikuwa amesema wazi kwamba hatapeleka mahari kwa mgonjwa. Docteur aseme msichana amepona, ndipo watazungumza. Na kila Ijumaa binamu Alya alikuwa anaalikwa chakula cha mchana, akaketishwa karibu na Talal.

"Muambie iko sawa na wa kulia," Houda alisema. "Mara hii tu. Dawa itafanya kazi, utaona."

"Allô? Talal?"

"Niko hapa, docteur. Kushoto ni... ni sawa na kulia."

"Bon. Na yeye anajisikia aje? Nipe yeye mwenyewe."

Houda alichukua simu kwa mkono wa kulia.

"Houda, maumivu iko aje?"

"Alhamdulillah, docteur."

Kwake huo haukuwa uongo. Kwao ukiulizwa hali unashukuru kwanza, na wengi hawafiki kwenye la pili, la kusema wanaumwa. Kulalamika mbele za watu ni kama kumshitaki Mungu. Bibi yake alikata roho akishukuru, na mpaka leo mtaa mzima unamsifu kwa hilo. Docteur Odette, Mkristo kutoka Gitega, alisikia kwamba hali ni nzuri, akaandika kwamba hali ni nzuri.

"Très bien," alisema. "Tukiendelea hivi tutashusha dawa."

Mara hii tu ikawa na mwezi uliofuata. Ikawa na ule mwingine. Dawa ikashushwa, na siku docteur aliposema ugonjwa umelala, Talal alimtumia Houda ujumbe akiwa bado dukani kwao:

"Mama amekubali! Tunaoana baada ya Idi. Nakupenda kuliko macho yangu."

Jibu likaja:

"Alhamdulillah. Leo nimechana nywele kwa mkono mmoja, usinicheke."

Talal alicheka. Ningekuwa na uwezo ningemtikisa mabega siku ile aulize kwa nini mkono mmoja. Hakuuliza. Mtu mwenye furaha hatafuti habari mbaya.

Siku ya hina wanawake walijaa kwa Shakuru tangu baada ya sala ya adhuhuri, maana ilibidi kila mtu awe kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Bi Siti alikuja na marashi na kanga mpya. Walimpaka Houda mikono na miguu, wakamkalisha mkekani hina ikauke huku nyimbo zikiendelea. Walipoibandua, mkono wa kulia ulikuwa umeiva, mwekundu wa kupendeza.

Wa kushoto ulikuwa na rangi ya chai iliyozidi maji.

"We Houda," shangazi mmoja alitania, "mume anakupenda nusu?"

Wanawake wakacheka, maana wanaamini hina ikikolea ndoa imekolea. Houda akacheka nao, akaufunika mkono. Lakini Bi Siti hakucheka. Alisogea, akaushika ule mkono ili amtulize bi harusi, na hapohapo uso wake ukabadilika.

"Huu mukono iko baridi," alisema.

"Ni maji tu, mama."

"Apana. Huu mwingine iko moto." Akabonyeza penye mapigo, akasubiri. Akabonyeza tena. "Mwanangu, damu yako iko wapi?"

Houda alifungua mdomo amjibu.

"Alham..." alisema, akaangukia begani kwa Bi Siti.

Walimmwagia maji akafumbua macho, lakini jicho la kushoto halikumfuata mtu. Zubeda alianza kulia. Bi Siti akapiga simu, sauti yake haina hata salamu.

"Talal, nani anamupimaka huyu mutoto?"

"Ni mimi, mama. Kuna nini?"

"Mukono wa kushoto ulipima? Talal, nakuuliza."

"Nilipima. Sikusikia kitu. Nikasema iko sawa."

"Kwa nini?"

"Ulisema apone kwanza."

"Nilisema apone!" Bi Siti sauti ilimkatika. "Sikusema afe. Leta gari."

Njiani kwenda Gihosha walisimamishwa kwenye barrière mbili za wanajeshi. Houda alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Bi Siti, ambaye hakuacha kuusugua ule mkono njia nzima.

Docteur Odette hakumpigia Talal kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Mishipa ilikuwa inavimba wakati wote huo," alimwambia pale koridoni. "Mi nilikuwa nashusha dawa kwa mutu mwenye moto ndani. Jicho halitarudi. Mukono, sijui. Na moyo umechoka."

"Adhibu mimi, docteur."

"Nikuadhibu nipate nini? Donc, sikiliza. Étude hii, huu utafiti wa dawa, si ya Houda peke yake. Ungeniachia ile uongo, dawa isiyoponya ingeonekana inaponya. Kesho ingepewa mutoto wa nani?"

Talal alikwenda kukaa kando ya kitanda.

"Uko aje, Houda?"

"Alhamdulillah."

"Hiyo ni ya Mungu. Mi nipe yangu."

Houda aligeuza kichwa kwenye mto. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini, akimtazama kwa jicho moja.

"Niko naumwa, Talal. Tangu zamani. Kuinua bidon ya maji, naumwa. Kusuka nywele, naumwa. Nikisujudu, dunia inazunguka. Nilipoona umesema uongo kwa ajili yangu nilifurahi, nikasema huyu ananipenda kweli. Sasa naona tulipendana vibaya."

"Nisamehe."

"Nisamehe na we. Ni mi nilikuomba."

Wote wawili walilia. Bi Siti aliyekuwa nyuma ya pazia akaingia, akaketi miguuni pa kitanda.

"Kushukuru si kuficha, mwanangu," alisema. "Na mi ndiye nilikufundisha kuficha. Talal, itisha shehe. Ndoa itafungwa hapahapa."

Wakafunga ndoa wodini. Shakuru alikuja na mikono iliyosuguliwa kwa sabuni mpaka ikachubuka, na bado oili ilibaki kwenye kucha. Shehe akamuuliza Houda kama amekubali. Houda akainamisha kichwa kimya. Desturi inasema bikira akinyamaza amekubali, na shehe alikuwa tayari kuendelea.

"Samahani, shehe," Talal alisema. "Mi nangoja aseme."

Watu wakatazamana. Houda akainua uso.

"Nimekubali," alisema. "Na mukono unaniuma."

Nesi aliyekuwa mlangoni alijifuta macho. Sijawahi kusikia kiapo kizuri kuliko hicho.

Houda aliruhusiwa kutoka wodini, wakaishi pamoja kwa Bi Siti, Kibenga, miezi michache. Dawa ilirudishwa juu, na kila asubuhi Talal alipima mikono yote miwili, akamwambia docteur alichosikia na asichosikia. Kisha alimuuliza Houda, na Houda alimwambia kweli: leo shingo, leo kifua, leo nimelala vizuri kidogo. Bi Siti ndiye aliyemchana nywele. Alya alikuja siku moja na sambusa, akabaki kumsomea magazeti.

Asubuhi moja Houda aliamka kabla ya kuulizwa.

"Leo siumwi," alisema. "Fasi yoyote ya mwili. Talal, si uongo."

Talal alijua si uongo, kwa kuwa Houda alikuwa ameacha kumdanganya. Alimpigia docteur kwa furaha amwambie. Docteur, aliyekuwa ameshaona nafuu za ghafla za namna hiyo, hakufurahi.

"Mulete," docteur Odette alisema. "Mulete sasa hivi."

Houda alifariki kabla hawajamaliza kupanda mlima wa Gihosha, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwa mumewe.

Alizikwa jioni ileile. Msibani Buyenzi wanaume walikuja mmoja mmoja kumpa Talal mkono, na Shakuru, mkwewe, akafika wa mwisho.

"Uko aje, mwanangu?"

Watu wote waliokuwa mkekani walijua neno linalofuata. Walikuwa wameshalilainisha midomoni ili waliitikie pamoja naye.

"Naumwa, baba," Talal alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Shakuru aliketi chini kando yake, akamshika mkono wa kushoto, akasema, "Hata mimi."