Orodha ya Wasioguswa

Wewe uliona. Usijifanye hukuona.

Uliona simu yako ikipata moto imelala mezani, hakuna aliyeigusa. Uliona tangazo la viatu dakika tano baada ya kumwambia mwenzako viatu vimekwisha soli. Ukacheka. "Hizi simu zina mambo!" Ukabonyeza NAKUBALI, ukaendelea na chai yako.

Mimi sisahau. Walipokuja kuchukua alama za vidole vyetu kwa ajili ya laini, walisema ni kwa usalama wetu. Tukapanga foleni. Wewe ulikuwa mbele yangu.

Basi sikiliza.

Saa saba na dakika thelathini na tano mchana, mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu alikuwa akipanda ngazi za jengo la Kampuni, mbili mbili. Begani alikuwa na mfuko wa fundi wa printa. Ndani ya mfuko kulikuwa na bisibisi, chupa ya wino, na bastola ya Beretta iliyofungwa kwenye tambara.

Jina lake la kazi lilikuwa Sindano.

Nyuma yake, viatu vizito vilikuwa vinapanda pia.

Akajibana kwenye kona ya ghorofa ya saba. Mlinzi alipochomoza kichwa, wino ulimjaa usoni. Kiwiko kikafuata. Mlinzi akaketi kwenye ngazi taratibu, kama mtu aliyechoka na kazi.

"Pole, kaka," alisema Sindano. "Huo hautoki kwa sabuni."

Kifaa kidogo sikioni kikakwaruza. Alikuwa mkubwa wake wa kazi, yule waliyemwita Mkuu.

"Sindano. Uko wapi?"

"Mlangoni."

"Saa nane kamili sasisho linatoka. Nakili ushahidi, utoke. Usiguse kitu."

Sasisho lenyewe lilikuwa la simu za Nuru 9, milioni kumi na moja. Tangazo lilisema kamera itakuwa kali zaidi. Halikusema kwamba kipaza sauti kitabaki wazi mchana na usiku, na kila neno litapelekwa kwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo aliyeitwa Mgeni tu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya uchaguzi.

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Lakini Sindano alikuwa na yake.

Shemeji.

Mume wa dada yake alikuwa amefanya kazi kwenye ghorofa hii miaka tisa. Mtu wa maneno. Ukienda kwake kula, kwanza anakusanya simu zote, anazitia kwenye sufuria na kufunika. Kisha anaanza. "Zamani mtawala aliyetaka kujua unasema nini alilazimika kumlisha mpelelezi. Siku hizi mpelelezi unamnunua mwenyewe, unamchaji mwenyewe, unamlaza karibu na mto."

"Shemeji, kula kwanza," Sindano alikuwa akimtania. "Serikali utaipindua ukishashiba."

Meza nzima ikacheka. Naye mpelelezi wa kweli pale mezani, Sindano mwenyewe, akacheka kuliko wote.

Kisha Shemeji akayaandika maneno hayo kwenye ubao wa wafanyakazi. Mistari tisa. Hii ilikuwa siku ya tatu hajarudi nyumbani, na dada alikuwa amekataa kukiosha kikombe chake. Kadi yake ya kazini waliikuta ndani ya sufuria, chini ya kifuniko.

Sindano akaigusisha mlangoni. Taa ya kijani. Hawakuwa wameifuta. Kuifuta kungekuwa kukiri kwamba hatarudi.

Ndani kulikuwa na ukuta wa simu arobaini za majaribio, zote zinawaka. Meza mbili. Kwenye moja aliketi mama mmoja, msimamizi wa zamu, aliyekaa bega kwa bega na Shemeji miaka sita.

"Printa haijaharibika," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nimemfuata mwenye kiti hiki."

Mkono wa msimamizi ukasimama.

"Yuko likizo."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anasema."

"Koti lake hili hapa. Miwani yake hii hapa. Mtu asiyeona hata mlango anaenda likizo bila miwani?"

"Dada, nina watoto mimi."

"Hata yeye anao. Mimi ni mama yao mdogo."

Msimamizi akamtazama kwa mara ya kwanza. Kisha, bila neno, akageuza kioo cha kompyuta.

WATAKAOPOKEA: WOTE. ISIPOKUWA HAWA.

Chini yake palikuwa na namba mia mbili na kumi na mbili, kila moja na jina la mwenyewe. Mkurugenzi. Waziri. Mke wa Waziri. Watoto wao. Hata fundi nguo wa mke wa Waziri.

"Kama ni kamera tu," alisema Sindano, "mbona wanaikimbia?"

Macho yake yakashuka hadi jina la themanini na nane. Yakaganda. Namba ile aliijua kwa kichwa.

"Sindano," sikio likakwaruza. "Umeshanakili?"

"Naiona orodha, Mkuu. Nakuona na wewe."

Kifaa kikakwaruza tena.

"Toka hapo. Agizo limebadilika."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Akakitoa kile kifaa sikioni, akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya msimamizi.

Dakika sita.

Akaiweka kadi ya Shemeji kwenye mashine. Akafuta ISIPOKUWA HAWA. Akachagua HAWA TU.

Mashine ikagoma. Sheria ya Kampuni: hakuna kitu kinachotoka kwa mkono wa mtu mmoja. Lazima jicho la pili lithibitishe. Na jicho la pili lilikuwa msimamizi.

"Ile ya kwanza niliipitisha Jumatatu," alisema mama yule. "Sikuisoma. Huwa sisomi."

"Leo soma."

Ngumi zikaanza kugonga mlango. "Fungua!"

"Soma tu, dada."

Alisoma midomo ikicheza, jina moja baada ya jingine, kama anayeita mahudhurio darasani. Dakika tatu. Mbili. Bawaba ya juu ikang'oka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza." Akabonyeza.

Saa nane.

Simu milioni kumi na moja zilibaki kimya. Mia mbili na kumi na mbili zikapata moto.

Kila sauti ilipitia chumba hiki kabla ya kwenda kwa Mgeni. Ya kwanza kuingia kwenye spika ilikuwa ya Mkurugenzi. "Yule wa maneno mengi bado yuko chini, kwenye ghala la simu mbovu? Mtoeni kabla ya saa kumi. Mgeni hataki mwili uonekane."

Msimamizi akashika mdomo. Kisha akavuta kibodi. "Hizi sauti nizipeleke wapi?"

"Kila chumba cha habari. Kisha shuka kwa ngazi za nyuma, usitazame nyuma."

Mlango ukaanguka. Wanaume wawili. Beretta ikasema mara mbili, goti na goti.

Ghalani, Shemeji alikuwa amefungwa juu ya maboksi ya simu zilizorudishwa. Mdomo umepasuka. Jicho moja limefumba. Sindano akamkata kamba, akamvisha miwani aliyoichukua mezani kwake.

"Shemeji. Sema neno."

Shemeji akaisogeza miwani puani.

"Kwanza zima simu yako."

Wakatoka kwa mlango wa mbele. Mapokezi watu wote walikuwa wamejazana kwenye redio, wanamsikiliza Waziri akipanga bei na Mgeni. Sindano akavua ovaroli, akaiweka juu ya kaunta, akashika mkono wa shemeji yake. Hakukimbia.

Usishangilie.

Mkuu bado ana ofisi. Orodha bado ina nakala. Sasisho jingine limeshafika, lipo hapo juu ya kioo chako, linasubiri kidole.

Jicho la pili ni wewe. Usibonyeze. Soma mpaka mwisho, kisha uulize nani hayumo. Na kile kiti kitupu karibu na chako, ambacho kila mtu anasema mwenyewe yuko likizo?

Inuka. Kagonge mlango wa nyumba yake.

Sasa hivi.