Mama Miwani na Mtu wa Shimoni

Siku ya mwisho ya msimu, maegesho ya magari nje ya uwanja wa Milwaukee yalikuwa yamefunikwa na moshi wa soseji tangu asubuhi. Mapipa, timu ya besiboli ya mji huo, walihitaji ushindi mmoja tu ili waingie hatua ya mtoano, na watu wa Milwaukee, ambao timu yao imewavunja moyo mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka, walikuwa wanakula haraka haraka kama wanaojua kwamba njaa na huzuni haviendi pamoja.

Marlys Brandvold alikuwa kwenye foleni ya soseji, mkate mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, mabega mapana, nywele nyekundu kazisuka msuko mmoja mnene uliomfika kiunoni. Alivaa jezi ya bluu yenye jina la Anselmo Reyna, mdakaji wa Mapipa, ile jezi aliyoifua kwa mkono na kuianika ndani ili jua lisiipaushe. Mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa akibishana na rafiki yake. Akageuka kwa nguvu ili aweke hoja yake sawa, na haradali yote ya soseji yake ikahamia kifuani mwa jezi ya Reyna.

"Mungu wangu. Dada, nisamehe."

"Usiguse," Marlys akasema, maana yule bwana alikuwa ameshatoa kitambaa. "Ukisugua unaizamisha."

"Basi nifanyeje?"

"Simama hapo ujisikie vibaya."

Yule bwana akasimama. Alikuwa mweusi, mwembamba, ndevu zimeanza mvi kidevuni, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Jina lake Lucius Odom, fundi wa lifti. Hakuwahi kuoa, na dada zake walishachoka kumtafutia. Alijisikia vibaya kwa utulivu na kwa uaminifu mkubwa, mpaka Marlys akashindwa kuzuia tabasamu.

"Nipe namba yako ya simu," Lucius akasema. "Nijue kama doa limetoka."

"Hiyo ni mpya. Sijawahi kuombwa namba kwa sababu ya doa."

"Na mimi sijawahi kuiomba kwa sababu yoyote."

Akampa.

Mapipa walifungwa jioni ile, na walifungwa vibaya. Walikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, Reyna yuko kituo cha pili, mwenzake akaupiga mpira ukaangukia kwenye nyasi, na kocha akampungia mkono akimbie hadi nyumbani, kituo cha mwisho ambako mkimbio huhesabiwa. Reyna, mtu wa miaka thelathini na minane ambaye kazi yake ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji adake mpira, alikimbia kama mtu aliyebeba kabati mgongoni. Alipofika, mpira ulikuwa unamsubiri mkononi mwa mpinzani, akatolewa. Watu elfu arobaini wakaanza kutafuta funguo za magari.

Kesho yake Lucius alipiga simu.

"Doa limetoka?"

"Halijatoka."

"Nitapiga tena kesho."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Doa lilikuwa limetoka usiku ule ule, lakini Marlys hakuona haja ya kumwambia. Ijumaa wakaenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa moja ya upande wa kusini, samaki na kabichi na chapati za viazi. Marlys alivaa gauni la kijani lililokuwa kabatini tangu talaka. Lucius alikuja na tai.

Walizungumza mpira, kama watu wote wa mji ule wanavyofanya msimu ukiisha na theluji ikianza kunukia. Nani aachwe, nani asajiliwe, nani auzwe akiwa bado ana bei. Marlys akaweka uma chini.

"Mimi nakwambia hivi, mpenzi. Magoti ya Reyna yana heshima kuliko midomo ya watu."

Lucius akaacha kutafuna.

Hapa lazima ijulikane kwamba Milwaukee kuna kipindi cha redio cha mashabiki, mchana, na mtangazaji wake anaitwa Gus Pappas, mwenye sauti kama koleo linalokwangua zege. Wapigaji wake wawili wakubwa walikuwa maadui. Mmoja alikuwa mwanamke, mpima macho katika duka fulani la miwani, ambaye Gus alimbatiza Mama Miwani. Huyu alimtetea Reyna kama mtoto wake. Mwingine alikuwa mwanamume mwenye sauti ya mwangwi, kana kwamba anaongea kutoka ndani ya kisima, na Gus akamwita Mtu wa Shimoni. Huyu, kwa misimu miwili mfululizo, alisema Reyna aachwe. "Kumbukumbu haidaki mpira, Gus," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na Mama Miwani akampigia Gus siku moja akasema magoti ya Reyna yana heshima kuliko midomo ya watu.

Lucius alikuwa anapiga simu wakati wa mapumziko ya kazi, akiwa chini kabisa kwenye shimo la lifti.

"Umepaliwa?" Marlys akauliza.

"Mwiba," Lucius akasema, akanywa maji.

Angeweza kusema pale pale. Alitaka kusema. Lakini Marlys alikuwa anacheka, mwanga wa taa ya tangazo la bia umemwangukia shavuni, halafu akaanza mwenyewe: "Kuna mjinga mmoja redioni, Mtu wa Shimoni. Siku nikimkuta namtia kidole jichoni, halafu nampima bure." Lucius akaona Ijumaa ile si siku nzuri. Na Ijumaa iliyofuata haikuwa nzuri, wala nyingine.

Wakapendana. Lucius alimtengenezea mlango wa gereji uliokuwa ukipiga kelele. Marlys alimfundisha kutupa soksi kuukuu. Simu zilikuwa asubuhi, mchana na jioni, na Lucius aliendelea kuuliza habari za doa, na Marlys aliendelea kusema bado. Akamweleza pia habari za Dale, mumewe wa zamani, aliyemwambia siku moja mezani kwamba wamefika mwisho, kama mtu anayetangaza mvua, kisha akahamia kwa msichana wa benki. Mwaka ule wa talaka Marlys alienda uwanjani peke yake karibu kila mechi. "Nilikuwa namtazama Reyna," alisema. "Anaumwa, anachuchumaa. Anaumwa, anachuchumaa. Nikasema basi na mimi kesho nitaamka."

Lucius alisikia, akamshika mkono. Lakini siku mbili baadaye alikuwa shimoni, Gus akauliza swali kuhusu usajili, na mazoea yana nguvu. Akapiga.

Desemba, Mapipa wakatangaza kwamba Reyna hatapewa mkataba mpya. Mahali pake analetwa kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Texas, kwa kubadilishana na warusha mpira wawili. Marlys aliipata habari dukani, kazini kwake. Akaingia stoo, akakaa juu ya boksi la fremu, redio ikiwa kwenye rafu, na mtu wa kwanza kupiga alikuwa Mtu wa Shimoni.

"Uongozi umefanya la maana, Gus. Nilisema tangu mwaka juzi. Magoti yamekwisha."

Marlys akaizima redio. Punde simu yake ikalia.

Lucius, baada ya kumaliza na Gus, alikuwa amemfikiria na roho ikamuuma. Hakungoja kupanda juu.

"Pole, mpenzi," akasema, na sauti ikazunguka: penzi, penzi, penzi. "Nimesikia habari za Reyna."

Marlys akaitazama redio aliyoizima.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini sehemu gani?"

"Jengo la bima, huku mjini. Niko chini ya lifti."

"Sema magoti."

"Nini?"

"Sema hilo neno. Magoti."

"Marlys..."

"Sema, Lucius."

"Magoti," akasema Lucius kwa sauti ya chini, na shimo halikumwonea huruma. Magoti, magoti, magoti.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza."

"Na ukaendelea kupiga."

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia."

"Nafasi. Nimemtukana Mtu wa Shimoni mezani kwako wiki nenda rudi, na wewe unanipitishia chumvi."

Akakata. Lucius akapiga tena, haikupokewa. Akaenda kwake na maua. Mlango wa gereji, ambao sasa haukupiga kelele, ukafungwa taratibu usoni kwake.

Kipindi cha Gus kikapoa. Mama Miwani hakupiga, Mtu wa Shimoni hakupiga. "Nimebaki na ninyi," Gus akawaambia wasikilizaji wake kwa uchungu. Bibi mmoja wa kitongoji cha West Allis akapiga kuuliza kama wale wawili wamefariki. Mwingine akasema huenda wameoana. Gus akacheka sana, halafu akaweka matangazo.

Katikati ya Januari ikaja habari kwamba Reyna amesajiliwa na timu ya mji mmoja wa jangwani, kwa mwaka mmoja, awe msaidizi na kuwafundisha vijana. Siku hiyo simu ya Gus ikalia.

"Mtu wa Shimoni! Mbona sauti yako ya kawaida?"

"Niko kwenye gari. Leo sitaki mwangwi. Gus, niliyosema kuhusu yale magoti, siyafuti. Lakini kuna mtu nilimficha jambo, tena mtu aliyenieleza yake yote. Nilikuwa mwoga. Nataka..."

"Subiri kidogo, nina laini nyingine hapa. Haloo?"

"Gus, mwambie huyo bwana asiniongelee mbele ya jimbo zima la Wisconsin," alisema Mama Miwani. "Kama ana neno, duka linafungwa saa kumi na moja."

Inasemekana Gus alikaa bila kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea redioni pale.

Lucius alifika na theluji mabegani, koti refu la sufu, viatu vya kung'aa vimelowa. Dukani kulikuwa na mzee mmoja akijaribu fremu, naye akaendelea kuijaribu ile ile muda wote.

"Una miadi?" Marlys aliuliza. Alivaa koti jeupe la kazi, msuko kaukunja kichwani.

"Sina."

"Kaa kwenye kiti. Weka kidevu hapo. Huwezi kukaa dukani kwangu bure. Soma mstari wa tatu."

Lucius akakodoa macho muda mrefu.

"Kuna picha ya ng'ombe?"

"Ni herufi, Lucius."

"Basi ni P. Au F."

Marlys akabadilisha lenzi, akabadilisha tena. Uso wake ulikuwa wa kazi kabisa.

"Uwanjani huwa unakaa wapi?"

"Juu kabisa."

"Na ukiwa kule, Reyna unamwona vipi?"

"Naona kitu cha bluu kinachuchumaa. Mengine nayapata kwenye redio."

Marlys aligeukia kabati, akasimama pale akiwa amempa mgongo, mabega yakitikisika. Lucius alidhani analia mpaka alipogeuka.

"Misimu miwili," alisema akijifuta machozi. "Misimu miwili nimebishana na kipofu."

"Lakini kuhusu magoti nilikuwa sahihi."

"Najua. Mimi nina macho. Niliona kabla yako." Akavuta kistuli akakaa mbele yake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sikutaka ukubaliane nami, Lucius. Dale alikuwa anakubaliana na mimi kwa kila kitu, mpaka siku aliyoondoka. Nipinge. Lakini nipinge mezani, nikuone."

"Naogopa utanyanyuka uondoke."

"Nitanyanyuka. Halafu nitakaa tena, kwa sababu samaki atakuwa bado moto."

Lucius alivua kofia, ambayo alikuwa amesahau kichwani.

"Marlys, nataka tuoane. Sikuja kusema hivyo. Nilikuja kuomba radhi, lakini ndilo lililo mdomoni."

Yule mzee aliangusha fremu.

Marlys aliandika vipimo, akachagua fremu ya rangi ya kahawia bila kumuuliza, akamwekea usoni kuona kama inamkaa.

"Miwani itakuwa tayari Alhamisi," alisema. "Njoo uichukue, uivae, unitazame vizuri. Halafu kama bado una swali, uliza."

Alhamisi Lucius alifika kabla duka halijafunguliwa. Marlys alimvalisha mwenyewe, akarekebisha nyuma ya masikio, akarudi hatua mbili nyuma na kusimama wima, mikono pembeni, chini ya taa kali ya dukani isiyoficha mkunjo wala doa la jua. Lucius alimtazama kwa muda. Alimtazama mpaka Marlys akaanza kuona haya, jambo asilolizoea.

Lucius akauliza.