Ripoti ya Mzee Gurmit

Zipporah ni mhudumu wa wazee jijini London. Kila asubuhi huanzia kazi mtaa wa Kenton, nyumbani kwa Mzee Gurmit. Mzee huyu alizaliwa Kisumu, na Kiswahili bado anakizungumza vizuri. Zipporah humwogesha, humpa chai na dawa ya presha. Kisha huandika ripoti kwa simu, kwenye tovuti ya kampuni yake. Huandika polepole, maana mzee hupenda kuongea, naye hapendi kumkatiza.

Jumanne moja mzee hakuwa amelala vizuri, kwa hiyo mambo ya kueleza yalikuwa mengi. Zipporah aliandika kwa muda mrefu. Alipobonyeza "Hifadhi", tovuti ilimtaka aingize tena nenosiri. Aliliingiza, ukafunguka ukurasa wa mwanzo. Alidhani ripoti imeshaingia, akakimbilia basi.

Saa sita mchana alifika Armelle, mhudumu wa zamu ya pili. Hakuona ripoti yoyote ya asubuhi. Mzee alisema dawa ameshameza, lakini siku hizi alikuwa akisahau, na Armelle hakuwa na hakika. Kidonge kilikuwa tayari mkononi mwake alipoamua kumpigia Zipporah kwanza.

"Nilimpa saa mbili," Zipporah alisema. "Tafadhali usimpe tena."

Dawa maradufu ingeweza kumwangusha mzee. Zipporah alijilaumu, akaamini kosa ni lake kwa kuwa mzito wa kuandika.

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza Aikaeli, Mtanzania wa kanisani kwao ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Aikaeli hakumcheka. Alimwomba afungue ripoti mpya, aandike maneno yoyote kwa mwendo wake wa kawaida, naye akaangalia saa. Zilipopita dakika kumi alimwambia abonyeze "Hifadhi". Tovuti ikamtoa, na maneno yote yakapotea.

"Si uzito wako, dada," Aikaeli alisema. "Ukiingia kwenye tovuti, inakufungulia kikao, yaani inakutambua bila kukuuliza nenosiri tena, na kikao kina muda wake. Hiki kimewekewa dakika kumi tu. Maneno unayoandika yanakaa kwenye simu mpaka ubonyeze Hifadhi. Kwa hiyo tovuti inaona kimya, inadhani umeondoka."

Zipporah aliuliza kwa nini kikao kisiachwe wazi siku nzima. Aikaeli akamuuliza itakuwaje akiisahau simu kwenye basi. Mtu yeyote angesoma habari za ugonjwa wa mzee. Kikao lazima kifungwe, alieleza, ila kisifungwe mtu akiwa kazini.

Alimshauri ahifadhi kila baada ya sentensi chache, na ahakikishe ripoti inaonekana kabla ya kuondoka. Tena aiandikie kampuni. Hapo Zipporah alisita. Aliogopa kuonekana hajui kazi.

"Ukinyamaza, watadhani hakuna tatizo," Aikaeli alimwambia.

Jumatatu alimwandikia Maureen, msimamizi wake. Alitaja siku, saa, zile dakika kumi, na kile kidonge. Maureen akawauliza wahudumu wengine. Saba walisema yamewakuta hayo hayo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Priya, fundi wa tovuti, aliirekebisha wiki hiyo. Sasa mtu akiandika, simu hutuma ishara kwamba yupo, na maneno hujihifadhi yenyewe. Akikaa kimya, tovuti humuuliza kama bado yupo. Asipojibu, humtoa.

Wiki mbili baadaye, Zipporah aliona mguu wa kushoto wa mzee umevimba kidogo. Aliandika kwa dakika ishirini: umevimba hadi wapi, tangu lini, mzee anajisikiaje. Ripoti iliingia yote. Mchana Armelle aliisoma, akaupima mguu, akaona uvimbe umepanda. Akamwita daktari.

Daktari alifika siku ile ile, akaisoma ripoti mpaka mwisho. Alisema wamemwita mapema, mzee atatibiwa nyumbani. Kisha akauliza ni nani aliyeandika vizuri hivi.

Mzee Gurmit ndiye aliyemjibu. "Zipporah," alisema.