Tundu la Pili

"Dada Aurelia! Kuna meseji yako huku!"

Pankras alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee pale kijijini Mpepai ambapo simu yake ilikubali kushika mtandao. Mwaka ule wa 2003 simu bado ilikuwa kitu cha kupandia kichuguu. Aurelia aliacha kugeuza kahawa kwenye kichanja, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Nisomee."

"Kwa sauti? Majirani wasikie?"

"Pankras, nisomee."

Mdogo wake akakohoa kama katekista. "'Aurelia, ni mimi Wilfred wa Liuli. Kesho nakuja na shangazi Eunice kuchukua kinanda cha mdomo cha baba. Wazee wamesema kishika uchumba kirudi. Samahani kwa usumbufu.'"

Aurelia alikaa chini palepale, kando ya kichanja.

"Dada, nimjibu nini?"

"Mwambie karibuni."

Ilianza zamani, karibu miaka kumi nyuma. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa ndio kwanza wanaingia Mbinga, na kila mtu alikuwa anajaribu biashara. Aurelia aliteremka Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kununua usipa waliokaushwa, dagaa wa huko. Jioni moja, wakati wanawake wanakusanya usipa wao juu ya mchanga, alisikia kitu kinalia nyuma ya miamba. Alidhani ni mtu. Kumbe ni kijana na kinanda cha mdomo.

"Unapiga nini hicho?"

"Bluzi. Muziki wa watu weusi wa Marekani. Baba alirudi nao kutoka migodi ya Afrika Kusini, pamoja na kinanda hiki na santuri mbili zilizokwaruzika. Jaribu."

Aurelia alipuliza wimbo wa Bikira Maria. Wilfred akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi wa milimani mnapuliza tu! Nyimbo za kanisani zinapulizwa, bluzi inavutwa. Vuta hapa, tundu la pili. Sasa shusha ulimi, ikunje sauti taratibu, kama unameza jina la mtu."

"Jina la nani?"

"Utalijua mwenyewe."

Alilijua kabla msimu wa kahawa haujaisha. Wilfred hakuwa na pete, kwa hiyo mshenga alipopanda Mpepai alifungua kitambaa, na ndani yake kulikuwa na kinanda. Aurelia akakipokea mbele ya wajomba. Hicho ndicho kilikuwa kishika uchumba.

Lakini wajomba walinung'unika. Binti Mkatoliki, kijana Mwanglikana, watoto watabatizwa wapi? Aurelia hakubishana nao. Alianza novena, sala ya siku tisa, akamwomba Mungu ampe ishara. Asubuhi ya mwisho aliinuka kwenye magoti, akachukua kinanda, akavuta tundu la pili. Kimya. Akavuta mpaka machozi yakamtoka. Hewa tupu.

Basi, alijisemea, nimejibiwa. Akampa dereva wa lori la samaki neno la kumpelekea Wilfred: hapana. Sababu hakuisema. Kukirudisha kinanda nako kulimshinda.

Na hakuacha kupiga. Kila jioni, akitoka kufundisha darasa la watu wazima, alikaa mlangoni akajifunza kuliruka lile tundu bubu, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika. Aligundua sauti ileile ipo tundu la tatu, ukipuliza. Lakini ile ya kupuliza haikunjiki. Hailii.

Kesho yake baada ya ile meseji, jua likiwa bado juu, wageni wakafika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfunga mtoto wetu kamba miaka yote hii?" Shangazi Eunice alikaa kabla hajakaribishwa. "Ukakataa kwa mdomo, mkononi ukabaki na kishika uchumba. Kwetu huyu bado ni mchumba wa mtu!"

"Shangazi, taratibu," alisema Wilfred. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Sauti ilikuwa ileile.

"Taratibu ya nini? Kule Chiwanda tumeona mama mmoja, mjane, mpole. Kabla hatujapeleka hata posa, ndugu zake wanauliza: kile cha Mbinga kilirudi? Nikakosa pa kuuweka uso."

Aurelia aliwamiminia kahawa, kisha akaingia ndani. Alirudi na kitambaa cheupe. Kinanda kilikuwa kimelala pamoja na rozari yake. Alikitoa, akampa Wilfred kwa mikono miwili.

"Kikague," aliamuru shangazi. "Kitu kinarudi kizima."

Wilfred alikipeleka mdomoni, akapuliza tundu kwa tundu, kisha akavuta. Kwenye tundu la pili ikatoka hewa tupu. Akavuta tena.

"Aurelia, umekiharibu?"

"Sikukiharibu. Kilinyamaza."

"Lini?"

Aurelia alitazama chini. "Siku ya mwisho ya novena. Nilikuwa nimemwomba Mungu ishara juu yetu."

Pankras, aliyekuwa anajifanya anatafuta mtandao, akashuka kwenye kichuguu.

"Ulinikataa kwa sababu ya tundu?" Wilfred alisema polepole.

"Nilikukataa kwa sababu niliamini nimejibiwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Wilfred? Kwamba Mungu hakutaki?"

"Mungu wa watu!" Shangazi Eunice aliweka kikombe chini. "Angetaka kumkataa Mwanglikana angemtuma askofu, si bati hili!"

Wilfred hakucheka. "Pankras, nipe kisu."

Kwa ncha ya kisu alilegeza misumari midogo ya pembeni, akainua bati la chini. Ndani mlikuwa mmepangwa vijilimi vya shaba vinavyotoa sauti, vyembamba kama majani. Chini ya kimoja kilikuwa kimekwama kitu cha manjano, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Alikichokonoa, akakiweka kiganjani mwa Aurelia.

"Hiki nini?"

Hata angefumba macho angekijua. Kilikuwa ganda jembamba la kahawa, lile la ndani linaloruka ukipepeta. Na siku zile za novena alikuwa anapepeta kahawa ya nyumbani, kinanda kimo mfukoni mwa aproni, ili ajaribu wimbo kila anapopumzika.

"Ganda," alisema. "Ganda la kahawa yetu."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati.

"Mimi nilidhani ulimpata tajiri wa kahawa," alisema Wilfred.

"Nilipata ganda lake tu. Nisamehe, Wilfred. Nilimsingizia Mungu."

Wilfred alikaza misumari, akakipangusa kinanda kwa shati, akamrudishia. "Piga kwanza."

Aurelia alifumba macho, akavuta. Tundu la pili likaitika. Akashusha ulimi, na sauti ikakunjika, ikateremka taratibu kama njia ya kushukia ziwani, ikalia. Kisha akaendelea nayo. Akapita tundu la tatu, akarudi, akazunguka njia zote alizojifunza peke yake mlangoni, ila sasa ngazi ilikuwa nzima.

Wilfred alikuwa amesahau kukaa. "Nani alikufundisha kuzunguka hivyo? Hata baba hakufika huko."

"Kukosa ndiko kulinifundisha."

Shangazi Eunice alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Haya. Kimekaguliwa. Wilfred, kichukue twende, gari halitusubiri."

"Ni kizima, shangazi."

"Nimesikia. Kichukue."

"Sikipokei."

"Wewe! Na Chiwanda nitasema nini?"

"Waambie ukweli. Hakijarudi."

Aurelia alikuwa bado amekishika kinanda kifuani. "Na watoto watabatizwa wapi?" aliuliza.

"Tutamuuliza padri, tutamuuliza na mchungaji," alisema Wilfred. "Safari hii tuwaulize watu wanaoongea."

Shangazi Eunice alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akaketi tena, akasogeza kikombe mbele.

"Niongezee kahawa, mwanangu," alimwambia Aurelia. "Ila uipepetee mbali na kinanda."